Theluji Mbili za Hemingway, na Mpagazi Aliyeteleza

Hadithi fupi ya Ernest Hemingway iitwayo The Snows of Kilimanjaro tunaipenda kwa sababu ya jina lake. Mlima ni wetu, basi tunaona na hadithi ina sisi ndani yake. Waongoza watalii wanaitaja, wanafunzi wa fasihi ya Kiingereza wanakutana nayo, na mtu akitaka kuonyesha kwamba Tanganyika imo kwenye fasihi ya dunia, hakosi kuitia kwenye orodha. Mimi nina shida nayo moja. Theluji iliyoandikwa vizuri kuliko zote ndani ya hadithi hiyo si ya Kilimanjaro. Ni ya Austria. Ya kwetu imetajwa kwenye jina, ikatajwa mwanzoni, ikatajwa mwishoni, na kote huko haina hata ubaridi.

Jambo hili lina uzito kwa msomaji wa Kiswahili, hasa anayesomea huku Ujiji, mji usiojua theluji lakini unaomjua mpagazi kuliko miji mingi. Na nikisema theluji simaanishi picha ya kalenda. Namaanisha theluji ya kupanda kwa miguu tangu alfajiri na kuiteremka kwa mbao, maana ndiyo Hemingway aliyoijua kweli.

Kwa ambaye hajaisoma: hadithi ilitoka mwaka 1936 katika jarida la Esquire. Harry, mwandishi wa Kimarekani, yuko porini na mkewe Helen. Mwiba umemchubua, hakutia dawa mapema, sasa mguu unaoza. Lori limeharibika, na Harry anamtupia lawama dereva Mkikuyu kwa dharau ya wazi. Tai wanazunguka, fisi anasogea. Wakati anakufa, Harry anakumbuka yote aliyopaswa kuyaandika akayaacha: Paris, vita, wanawake, na theluji. Mwishoni anaota ndege imekuja kumchukua, na badala ya kwenda Arusha inaelekea kileleni, kweupe, kwenye jua. Kisha tunarudi kambini na kumkuta amekufa. Mwandishi mwenyewe alikuja Afrika Mashariki mwaka 1933, akaugua tumbo, na Januari 1934 akasafirishwa kwa ndege kwenda Nairobi akiupita mlima huo. Yaani Kibo alikiona kwa dirishani.

Hapo ndipo tofauti inapoanza. Theluji ya Schruns, kijiji cha Vorarlberg, aliifuata kwa miguu yake majira mawili ya baridi, 1924 hadi 1926. Ndani ya hadithi, Harry akiikumbuka, sentensi zinabadilika kabisa. Anajua ule mng'ao unaoumiza macho ukitoka ndani asubuhi. Anajua ulaini wa juu, sauti ya mwendo, na namna mwili unavyoshuka kwenye mto wa barafu ulio juu ya kibanda cha Madlenerhaus. Anajua hata uchoshi wake: juma zima la kufungiwa ndani na tufani huku watu wanacheza karata na mwenye shule ya kuteleza anafilisika mezani. Kuna na theluji nyingine kwenye kumbukumbu hizo hizo, ya milima ya Bulgaria, ambayo wakubwa hawakuitambua kuwa ni theluji wakawapeleka wakimbizi ndani yake, wakafa. Theluji za Ulaya zina uzito, zina matumizi, zinafurahisha na zinaua.

Ya Kilimanjaro je? Ina urefu wa mlima kwa futi, ina jina la Kimasai, ina mzoga wa chui uliokauka kwa baridi karibu na kilele, na swali la huyo chui alikuwa akitafuta nini huko juu. Mzoga huo haukubuniwa: mchungaji wa Kilutheri, Richard Reusch, aliukuta mwaka 1926. Lakini ndani ya hadithi chui ni fumbo, na mlima ni fumbo, na weupe ni fumbo. Hakuna anayeikanyaga theluji hiyo. Hakuna kidole kinachokufa ganzi. Ni mahali pa kwenda roho ya mzungu aliyechoka.

Watetezi watasema ndivyo hadithi inavyotaka: Ulaya ni kumbukumbu, Kibo ni mauti, na mauti hayana maelezo. Nakubali kwamba kwa ufundi wa hadithi inafanya kazi. Kile kilele cheupe cha mwisho kinatisha kwa sababu hakina kitu. Lakini tusijifanye hatuoni bei yake. Ili mlima uwe mauti ya Harry, ilibidi kwanza uondolewe watu wote walioupanda kwa kazi.

Hebu turudi nyuma kidogo, mwaka 1848. Mmisionari Johannes Rebmann anatoka pwani ya Mombasa na msafara unaoongozwa na Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei anaona kitu cheupe juu ya mlima. Anamwuliza kiongozi wake kile cheupe ni nini, naye anajibu kwa neno moja: baridi. Rebmann aliandika kwamba ilikuwa wazi kwake kuwa hiyo ni theluji tu. Alipochapisha habari hiyo mwaka uliofuata, bingwa wa jiografia wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuuona mlima, alikataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha Cooley, na mara nyingine kama kichekesho cha Bwana Kheri aliyekosa jina. Mimi nasoma kinyume. Theluji ni neno la asili ya Kiarabu, barafu ni la Kiajemi. Yote yalikuja na jahazi na yanamhusu mtu aliyesoma au aliyesafiri. Baridi nalo limetoka Arabuni, lakini ndani ya sentensi ile linafanya kazi tofauti: linasema kile kitu kinakufanya nini. Rebmann alitaka jina la rangi, akapewa habari ya mwili. Kwa kipimo cha fasihi, jibu la Bwana Kheri linajua zaidi kuhusu mlima kuliko ukurasa wa mwisho wa Hemingway.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe ya kupanda. Hemingway aliirudia Schruns kwenye kitabu cha kumbukumbu zake za Paris, A Moveable Feast, kilichotoka mwaka 1964, miaka mitatu baada ya kifo chake. Sura ya mwisho ndiyo inayotuhusu. Wakati ule hapakuwa na mitambo ya kuvuta watu mlimani. Ukitaka kuteremka, unapanda kwanza. Unafunga ngozi za sili chini ya mbao ili zisirudi nyuma, unapanda saa kadhaa, unazivua, ndipo unateleza. Furaha ya dakika chache imelipiwa asubuhi nzima. Na mteremko mkubwa kuliko yote, ule wa mto wa barafu, anauweka mwishoni mwa msimu, baridi inapoanza kuachia.

Hapa mtafsiri wa Kiswahili ana kazi. Msimu huo kamusi zetu zinauita majira ya kuchipua. Wengine huandika masika. Ukiniandikia "siku moja ya masika milimani" mimi wa Kigoma naona mvua. Kwetu mvua huanza karibu na Novemba ikaenda mpaka Aprili au Mei, njia za milimani zinakuwa utelezi, na kuteleza si mchezo. Pwani nako masika ni Machi mpaka Mei, na picha ni hiyo hiyo ya maji. Kumbe kinachotakiwa ni tofauti kabisa. Milima ya theluji ikifika msimu ule, jua la mchana huyeyusha tabaka la juu, usiku huligandisha tena. Asubuhi mapema pagumu kama sakafu. Saa chache baada ya jua kuchomoza tabaka la juu linalegea kidogo tu, na hapo ndipo pa kuteremka. Ukichelewa mpaka alasiri theluji imekuwa nzito kama uji na inaweza kuporomoka na mlima mzima.

Mtu wa ziwa hahitaji kuambiwa mara mbili. Mvuvi wa dagaa anajua giza la mwezi lina siku zake, taa haifanyi kazi mbalamwezi ikiwaka, na ukikosa saa yako umekosa usiku mzima. Ndiyo maana nasema ugumu wa kutafsiri theluji si kwamba sisi ni watu wa joto. Barafu kwetu ni ya kuhifadhia migebuka, na ya ubuyu ya watoto, sawa. Lakini maarifa ya kusubiri saa ya kitu tunayo, na lugha yake tunayo. Mtafsiri angeyatafuta maneno kwa wavuvi kabla ya kufungua kamusi. Na lile neno la msimu ningeliacha kabisa. Ningeandika "theluji inapoanza kulegea", msomaji akaelewa.

Katika sura hiyo hiyo ya Schruns kuna kifungu kimoja kifupi ambacho sijaona kikizungumzwa na wanaoisifu. Vibanda vya juu vilihitaji vyakula na mizigo. Nani alibeba? Wanakijiji wa bonde la Montafon. Hemingway anawaeleza kwa maneno machache na hawapendi: wafupi, wenye nyuso za kununa, hawajui lugha isipokuwa lahaja yao, wanapanda kama wanyama wa mizigo. Wakifika juu wanatua, kisha wanadai malipo zaidi ya yale ya mapatano. Wanabishana, wanafikia maafikiano, halafu wanashuka kasi kwa mbao zao fupi, na mwandishi anawafananisha na viumbe vidogo vya ngano.

Mtu yeyote wa Ujiji akisoma hapo anasimama. Jamani, huyu tunamjua! Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora, zaidi ya kilomita elfu moja, na kila kitu kilichofika hapa kilifika juu ya kichwa au bega la mtu, mzigo wa kama kilo 30. Vitabu vya wasafiri waliopita hapa, kuanzia Burton na Speke mwaka 1858 mpaka Stanley mwaka 1871, vimejaa malalamiko yale yale: wapagazi wamenuna, wapagazi wanadai posho, wapagazi wamekiuka mapatano. Nilidhani hiyo ni sauti ya mzungu akimsema Mnyamwezi. Kumbe ni sauti ya msafiri akimsema aliyembebea, hata wote wawili wakiwa weupe. Ni mtindo wa uandishi kabla haujawa suala la rangi, ingawa rangi iliupa meno.

Ila kuna tofauti moja, na kwangu ndiyo moyo wa jambo lote. Wale wa Montafon walipomaliza kubishana waliteleza. Mlima ulikuwa wao. Walipanda kwa kazi na wakashuka kwa raha, kwa mbao zao wenyewe, na pengine wakateleza kuliko wateja. Hemingway hakuwapenda lakini sentensi yake iliwashika wakiwa huru.

Kilimanjaro haijapata sentensi kama hiyo. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Tunamtaja Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu kama kiongozi wao wa njia, na vizuri tunamtaja. Lakini alikuwepo pia Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyebaki nao kwenye kambi ya juu wakati wengine wameshushwa. Mswahili wa pwani, siku kadhaa chini ya barafu, analinda moto na vyakula. Aliona nini? Aliiitaje? Tunacho kitabu cha Meyer; cha Mwini Amani hatuna.

Kisha mwaka 1912. Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walifika kileleni wakiwa na skii, wakaitelezea theluji ya Kibo. Furtwängler alikuwa ndugu wa Wilhelm, yule mwongoza okestra maarufu. Barafu moja ya kileleni inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Sasa fikiria zile mbao ndefu, zimetoka Ulaya kwa meli, zinapandishwa msituni. Mimi nasoma habari hiyo nikiwa na swali la Ujiji: mpaka msitu unapoishia, zilikuwa begani kwa nani? Na huyo mtu alipowaona wenyewe wanateleza, alicheka? Hiyo ni hadithi fupi tayari. Hakuna aliyeiandika kwa Kiswahili, na inanikera.

Msije mkaniambia Kiswahili hakina nathari ya nchi za baridi. Mwaka 1896 Salim bin Abakari, Mngazija, alisafiri na mwajiri wake Mjerumani, Theodor Bumiller, mpaka Urusi na Siberia. Aliiandika safari hiyo kwa Kiswahili, na Carl Velten akaichapisha mwaka 1901 katika mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli. Ni maandishi ya mtu aliye kazini. Hana muda wa mafumbo. Anatazama watu: wanakula nini, wanasali vipi, wanamtazamaje yeye mweusi. Ukimsoma baada ya Hemingway unaona kile kilichokosekana: mtumishi aliyeshika kalamu. Harry ana mtumishi pia, Molo, ambaye kazi yake ni kuleta wiski. Molo angeandika nini kuhusu bwana anayekufa akiota theluji?

Abdulrazak Gurnah aliliona pengo hilo. Riwaya yake Paradise ya mwaka 1994, ambayo tunayo sasa kwa Kiswahili kama Peponi kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ina mlima wenye theluji kileleni, na ina msafara wa kwenda bara mpaka ng'ambo ya ziwa letu. Lakini mlima pale ni mahali watu wanaishi, wana duka, wanagombana. Na msafara una wapagazi wanaoogopa, wanaougua, wanaomchukia na kumwogopa mnyapara wao. Gurnah hakuhitaji kuwapandisha kileleni. Alitosheka kuwarudishia miili yao.

Siasa yetu nayo, kwa heshima zote, iliutumia mlima kama Hemingway alivyoutumia. Mwenge wa Uhuru ulipowekwa Kibo usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, kilele kilikuwa kinara cha taa. Picha nzuri, na ilistahili siku ile. Lakini tangu hapo mlima kwenye mashairi na nyimbo zetu umebaki kinara tu: mrefu, mweupe, wa kujivunia. Hauna utelezi. Wagumu, kama wanavyojiita wapagazi wa Kilimanjaro wa leo, wanaopanda na mzigo wa kilo 20 kisheria na mara nyingine zaidi, wanajua mlima mwingine kabisa.

Kuna atakayesema: skii si mambo yetu, unatuchosha. Haya. Mwaka 1998 Philip Boit, Mkenya, alishindana kilomita 10 za skii kwenye Olimpiki ya Nagano. Akawa wa mwisho, wa 92. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri mwishoni akamkumbatia. Mwaka 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, aliteremka kwa bendera ya Kenya huko Pyeongchang. Mambo yetu, basi, yamo. Ila angalia jinsi ya Boit inavyosimuliwa: karibu kila mara inaishia kwenye kumbatio, yaani kwenye wema wa Dæhlie. Zile kilomita 10 zenyewe, mguu unavyokwama, theluji ya mvua inavyoganda chini ya skii, pumzi ya mkimbiaji wa nyanda za juu inavyotumika mahali pageni, hizo ni nusu sentensi. Ni Kilimanjaro tena: weupe umebaki, kazi imefutwa.

Na wakati hautusubiri. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo Kibo mwaka 1912, mwaka ule ule wa skii, imekwisha. Ile ya Furtwängler imebaki vipande. Watoto wa leo huenda wakauona mlima bila kofia yake. Hapo jina la hadithi ya Hemingway litakuwa kumbukumbu, na mtu akiuliza theluji ile ilikuwaje, tutampa ukurasa wa mwisho wa Harry, ambao hauna kitu ndani, kwa sababu ndio uliopo.

Kwa hiyo isome hadithi. Ni nzuri, sikatai. Kurasa za Schruns ni miongoni mwa nathari bora za mwili na mwendo nilizosoma. Lakini isome pamoja na ile sura ya 1964, na ukifika kwa wabebaji wa Montafon usiwaruke. Halafu kama uko Marangu, Machame au Rombo, na baba au babu yako alikuwa mgumu, nenda kamwulize mambo madogo: theluji ukiikanyaga asubuhi inalia vipi? Kwa Kichagga mnaiitaje ile ngumu, na mnaiitaje ile iliyolegea? Kuna siku mliteleza kwa makusudi, wateja wakiwa wamelala? Andika kwa Kiswahili, ulete. Mimi nitaisoma hapa Ujiji, kwenye joto, na nina hakika nitasikia baridi.